Re: Ada ya ukumbi na mgao wa tipu kwa wachezaji wa klabu za watu wazima (Marekani)

Kutoka: Houston

Ndugu wanajumuiya, salaam na habari za siku nyingi.

Naomba msaada wa wanaoielewa kazi hii. Mkataba nilionao ni wa klabu ya watu wazima, zile ambazo wachezaji hupanda jukwaani na kuvua nguo. Unasema mchezaji ni "mkandarasi huru", atalipa ada ya ukumbi kila zamu, na mwisho wa usiku "atawakumbuka" wafanyakazi wengine. Viwango havijaandikwa popote. Anayesaini ana umri wa kisheria (hapa Texas ni miaka 21 tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021) na ana kibali cha kazi. Tusijadili kama kazi inafaa au haifai. Anachohitaji ni hesabu: nani anachukua nini, na kwa kipimo gani?

Kutoka: Atlanta, hesabu za baa na kumbi

Dada wa Houston, asante kwa kuuliza kabla ya kusaini.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba katika klabu nyingi za Marekani, klabu haimlipi mchezaji. Mchezaji ndiye anayeilipa klabu. Hela yake yote hutoka kwa mteja, na kabla haijafika nyumbani hupita kwenye mikono minne au mitano.

Mkono wa kwanza ni ada ya ukumbi, hela ambayo mchezaji anailipa klabu ili afanye kazi zamu hiyo. Hupanda kadiri saa zinavyosogea. Anayeingia mchana au kabla ya saa moja usiku anaweza kuingia bure au kwa dola 10 hadi 20. Ikifika saa tatu usiku huwa dola 40 hadi 80, na Ijumaa na Jumamosi baada ya saa tano usiku huvuka 100 kwenye miji mikubwa. Klabu inataka ukumbi ujae wachezaji kabla wateja hawajafika, kwa hiyo inawaadhibu wanaochelewa kwa bei. Uliza saa ya kuingia inahesabiwa wapi. Klabu nyingine huandika jina mlangoni. Nyingine huandika pale mchezaji anapotoka chumba cha kuvalia akiwa tayari, na kujipamba peke yake ni saa nzima. Mtu aliyefika mapema hujikuta analipa ada ya usiku wa manane kwa sababu ya saa hiyo moja.

Ada huja na faini: kuchelewa, kuondoka kabla ya zamu kwisha, kutosikia jina likiitwa jukwaani, kutokuja kabisa. Faini ya kuondoka mapema inaweza kuzidi ada yenyewe, na ndiyo inayowabana watu usiku ambao hakuna wateja: ukibaki hupati, ukiondoka unatozwa.

Mkono wa pili ni fungu la klabu kwenye dansi za faragha. Dansi moja huuzwa kwa wimbo mmoja, mara nyingi dola 20 hadi 40, na klabu hukata kiasi fulani kwa kila wimbo. Chumba cha VIP huuzwa kwa muda, robo saa, nusu saa, saa nzima, na mgawanyo huwa nusu kwa nusu au 60 kwa 40. Uliza 60 ni ya nani.

Mkono wa tatu watu wengi hawauoni. Mteja akilipa kwa kadi, klabu humuuzia vocha zake za karatasi na kumtoza nyongeza, tuseme asilimia 10. Mchezaji akipeleka vocha zilezile ofisini apewe fedha taslimu, hukatwa asilimia 10 nyingine. Dola 100 moja imekatwa pande mbili. Tena vocha nyingine zina tarehe ya mwisho, au hulipwa usiku huohuo tu. Vilevile soma kifungu cha mteja anayekana malipo benki baada ya wiki mbili. Mikataba mingine huihamishia hasara hiyo kwa mchezaji.

Halafu ndipo tunafika kwenye mgao wa tipu. DJ huwa wa kwanza, kwa asilimia 10 au kiwango cha chini cha dola 20 hivi, na nguvu yake ni ya kweli. Yeye ndiye anayepanga nani apande jukwaani saa ngapi, na urefu wa nyimbo uko mikononi mwake. Dansi ikiuzwa kwa wimbo, nyimbo za dakika 3 zinatoa nafasi 20 kwa saa, za dakika 5 zinatoa 12. Mama wa chumba cha kuvalia hupewa dola 10 hadi 20. Ndiye mwenye sindano na uzi, pini, dawa ya nywele, dawa ya kichwa na ufunguo wa makabati. Mabaunsa hupewa kwa sababu ndio wanaosimama karibu na vyumba vya faragha na kumsindikiza mtu hadi kwenye gari. Msimamizi wa VIP na mhudumu wa kaunta hupewa kwa sababu wanaelekeza mteja mwenye hela aende kwa nani.

Sasa tupige hesabu ya usiku mmoja wa mfano. Mchezaji ameingia saa tatu na nusu usiku, ada dola 80. Ameuza dansi 14 za dola 20, jumla 280. Jukwaani ameokota 95. Ameuza nusu saa ya VIP kwa dola 300, imelipwa kwa vocha. Jumla kuu ni dola 675.

Klabu inakata dola 5 kwa kila dansi, zinabaki 210. VIP inakatwa asilimia 40, zinabaki 180, na vocha zikibadilishwa zinakatwa 18, zinabaki 162. Jumlisha na za jukwaani unapata 467. Toa ada, zinabaki 387. Mama wa chumba 15, mabaunsa 20, msimamizi wa VIP 20: zimebaki 332.

DJ anataka asilimia 10. Ya nini? Ikihesabiwa juu ya 387, anapata karibu 39 na mchezaji anaondoka na 293. Ikihesabiwa juu ya 675, anapata 67.50 na mchezaji anaondoka na 264.50. Yaani mchezaji analipa asilimia kwa hela ambazo klabu imeshazichukua. Tofauti ni karibu dola 29 kwa usiku mmoja, kwa neno moja ambalo halijaandikwa kwenye mkataba. Kwa hiyo usiulize tu "asilimia ngapi", uliza "asilimia ya kiasi kipi, kabla au baada ya makato ya klabu". Jibu liandikwe.

Halafu fikiria Jumanne ya mvua. Dansi 3, jumla 60, klabu inachukua 15. Jukwaani 25. Ana dola 70 mkononi na ada ni 80. Anadaiwa 10 kabla hajampa DJ hata senti, na deni linahamia zamu ijayo. Hapo ndipo mfumo mzima ulipolalia: hasara ya usiku mbovu haibebwi na mwenye ukumbi, inabebwa na anayecheza. Klabu inaweza kuruhusu wachezaji 40 kwa wateja 15 bila kupoteza chochote, kwa sababu kila anayeingia ameshalipa. Mkataba usiosema idadi ya juu ya wachezaji kwa zamu ni wa kuutilia shaka.

La mwisho: hesabu ya dansi. Kwa kawaida mfanyakazi mmoja anakaa na ubao wa karatasi na kuweka alama kwa kila wimbo. Ukumbi ukijaa anakosea, na kosa mara nyingi huongeza idadi, kwa kuwa wimbo ulioanza na kukatishwa anauandika kama mzima. Mchezaji aandike yake kwenye simu kila mteja anapoondoka, na kila saa walinganishe na ule ubao wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Kwenye VIP, saa ya kuanza isemwe kwa sauti mbele ya mteja na msimamizi.

Kutoka: Seattle, msaidizi wa kisheria

Naongezea upande wa sheria, maana kaka wa Atlanta ameeleza mfumo vizuri.

> mchezaji ni "mkandarasi huru"

Maneno hayo peke yake hayaamui kitu. Chini ya FLSA, sheria ya shirikisho ya mishahara na saa za kazi, mahakama huangalia hali halisi: nani anapanga ratiba, nani anaweka bei ya dansi, nani anatoza faini, nani amewekeza kwenye jengo na matangazo. Mahakama za rufaa za shirikisho zimeona mara kadhaa kwamba wachezaji wa klabu zilizoshtakiwa walikuwa waajiriwa: kesi ya Reich dhidi ya Circle C mwaka 1993, iliyotoka hukohuko Texas, McFeeley mwaka 2016 kutoka Maryland, na Verma mwaka 2019 kutoka Philadelphia. Faini zile za kuchelewa na kukosa jukwaa, ambazo klabu inadhani zinailinda, ndizo ushahidi mzuri wa udhibiti wa mwajiri.

Kwa nini hili lina uzito? Mchezaji akihesabika mwajiriwa, klabu inadaiwa angalau kima cha chini cha mshahara, dola 7.25 kwa saa kishirikisho na zaidi kwenye majimbo mengi, na ada ya ukumbi haiwezi kuuteremsha mshahara huo chini ya kima. Kwenye kesi ya Hart dhidi ya Rick's Cabaret ya New York, klabu ilidai kwamba hela za dansi zihesabiwe kuwa ni mshahara. Jaji alikataa mwaka 2013, na mwaka 2015 kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Pia, tangu marekebisho ya mwaka 2018, mwajiri, meneja na msimamizi hawaruhusiwi kabisa kuchukua sehemu ya tipu za waajiriwa. Basi kama msimamizi wa VIP anayepokea mgao ndiye pia anayeajiri, anayefukuza na anayepanga zamu, hapo pana tatizo la kisheria. Muda wa kudai kishirikisho ni miaka 2, au 3 kama mwajiri alikiuka kwa makusudi, na unahesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua madai. Angalia kama mkataba una kifungu cha usuluhishi wa lazima, yaani mgogoro kuamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama. Kikiwepo, mchezaji anaweza kuzuiwa kuungana na wenzake kwenye kesi moja.

Majimbo yanatofautiana sana. California, sheria ya kazi inasema hela ambayo mteja anampa mchezaji mwajiriwa moja kwa moja ni tipu, ni mali yake. Hapa kwetu Washington, sheria ya SB 6105 ya mwaka 2024 imeweka dari: ada isizidi dola 150 au asilimia 30 ya alichokusanya mchezaji ndani ya saa 8, ile iliyo ndogo. Kwa dansi 3 za dola 20 alizozitaja kaka, dari ni dola 18, si 80. Deni la ada halihamishwi kwenda zamu nyingine, na faini ya kutofika kazini imepigwa marufuku. Sababu ya vita hivyo kuwa vikali hapa ni kwamba klabu za Washington hazikuwa zikiuza pombe. Baa ambayo haiuzi pombe inapata wapi hela? Kwa wachezaji. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango wa pombe, ili klabu ziwe na chanzo kingine.

Texas haina dari kama hiyo, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye mkataba na FLSA.

Na kwa wengine wanaosoma: mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) asidhani kwamba kwa kuitwa "mkandarasi" hafanyi kazi. Kujiajiri bila kibali ni kazi isiyoruhusiwa vilevile, na fomu za kodi zitakuwa ushahidi.

Kutoka: Houston

Nawashukuru sana. Nimeandika maswali yote. Kodi je? Klabu imesema haitoi karatasi yoyote kwa hela za taslimu.

Kutoka: Minneapolis, mhasibu wa kodi

Dada, klabu itoe fomu 1099-NEC (ya kuripoti malipo ya mkandarasi) au isitoe, kipato kinatangazwa. Mkandarasi hutumia Schedule C (fomu ya mapato na gharama za biashara), na faida ikifika dola 400 kwa mwaka anadaiwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3 ya asilimia 92.35 ya faida hiyo, mbali na kodi ya mapato.

Anachotangaza ni ile jumla kuu ya 675, si 264.50 alizokwenda nazo nyumbani. Kisha anatoa ada, makato ya klabu na mgao wa tipu kama gharama. Asipokuwa na kumbukumbu za gharama, analipia kodi hela ambazo DJ ameshazila. Daftari la kila usiku linatosha: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, ada, idadi ya dansi, VIP, vocha, jukwaani, nani kapewa nini. Liandikwe usiku huohuo, kwa kalamu. Adai risiti ya ada. Wakikataa, apige picha ubao wa bei ulioko chumba cha kuvalia, pasipo mtu yeyote kuonekana kwenye picha. Mavazi ya jukwaani na viatu vyake vinakubalika kwa kuwa havivaliki barabarani; jinzi na vipodozi vya kila siku IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho) itavikataa.

Malipo ya makadirio, yaani kodi inayolipwa kwa awamu kabla ya kujaza fomu za mwaka, ni mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari. Ashauriwe atenge asilimia 25 hadi 30 ya kinachobaki, kwenye akaunti ya pembeni.

Na benki: aweke fedha zake kama zilivyo. Amana ya taslimu inayozidi dola 10,000 benki huiripoti, na ripoti hiyo haina ubaya wowote kwa mtu anayetangaza kipato chake. Kosa la jinai ni kuigawa amana vipande vipande ili kuikwepa ripoti, hata kama kila dola imepatikana kihalali. Akinitumia mkataba wenyewe, jina likiwa limefutwa, nitamrudishia na alama kwenye kila kifungu kinachogusa kodi.