"KWANI SI UNABONYEZA TU?" Yule bwana wa hoteli leo kanikata maini

Mtu_wa_Ngezi:
Ndugu zangu, nimetoka hapo sasa hivi, mikono bado inanitetemeka. Yule bwana wa hoteli ya ufukweni, anayevaa miwani ya jua hadi usiku. Simtaji, hata paka wa Chake wanamjua.

Alitaka picha na makala za kuvutia wageni. Nikaingia msitu wa Ngezi, matope hadi magotini. Nikashinda Kidike nikingoja magharibi, popo wa Pemba waruke, popo ambaye dunia nzima haishi porini ila kisiwani kwetu. Nikavuka kwenda Misali na kusi inavuma, boti inaruka, nimeikumbatia kamera kama mtoto mchanga. Maji ya chumvi yakaingia kwenye lenzi. Sasa ukizungusha pete yake inasaga: krr, krr.

Leo nampelekea kazi. Kaangalia zote, kachagua, kahamishia kwenye kompyuta yake. Nikataja malipo. Akanisogezea sahani ya chipsi zilizopoa: "Kwani si unabonyeza tu?"

Unabonyeza tu! Mbele ya wahudumu! Na chipsi zenyewe hazina chumvi!

Majarida ya nje japo yanakungojesha mpaka kazi ichapishwe, yanalipa. Lenzi nanunua mimi, nauli mimi, nikiugua ni mimi na Mungu wangu. Huyu eti atanitaja kwenye ukurasa wake. Jina nilipewa na baba yangu, sikuliomba kwake!

UNABONYEZA TU! Basi angebonyeza yeye, tuone popo gani angemjia!

Bi_Karafuu:
Pole kaka. Huyohuyo alimwambia mdogo wangu mpishi, "Kwani si unakoroga tu?"

Mzee_Pweza:
Chipsi ulikula, hukula? Jibu hilo kwanza.

Mtu_wa_Ngezi:
Sikuzigusa! Kaniambia nabonyeza tu, mzee, mbele ya watu!

Nahodha_Wesha:
Na mafuta ya boti ya Misali nani ananilipa? Na mimi si naendesha tu?

Kijana_wa_Mkoani:
Wapigapicha nyinyi msilie. Harusi ya dada yangu, mtoto sasa anatembea, video hatujaiona.

Bi_Karafuu:
Ngoja, ni yule wa Wete mwenye vespa nyekundu?

Kijana_wa_Mkoani:
Huyohuyo!

Bi_Karafuu:
Wallahi ana albamu yangu na pesa nimeshampa zote. Fungua uzi wake, nakuja!