Madume ya jana ndiyo magarasa ya leo: malalamiko yangu kuhusu karata za Magic: The Gathering

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Nacheza Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya, tangu mwaka 2011, mwaka uleule ulipoanzishwa ulingo wa Modern (ulingo ni aina ya mashindano yenye orodha yake ya karata zinazoruhusiwa), na muda wote huo nimekuwa msomaji wa nyuzi za wenzangu zaidi ya kuwa mwandishi. Leo nafungua wa kwangu, na ninaufungua kwa hasira. Karata zinapandishwa nguvu toleo hadi toleo, tunazinunua kwa fedha za jasho letu, kisha zile zilizopandishwa kupita kiasi zinapigwa marufuku wakati boksi zimeshauzwa. Na chanzo kimojawapo cha balaa hili, kubadilisha maneno ya karata dakika za mwisho bila kuijaribu, kinajulikana, wabunifu wenyewe wamekikiri hadharani, na bado kinarudiwa.

Nianze na nisichokilalamikia. Nguvu za karata kupanda kidogo kidogo si dhambi. Mchezo ulipotoka mwaka 1993, viumbe wengi walikuwa dhaifu mno ukilinganisha na karata kama Black Lotus, kwa hiyo kuwanyanyua ilikuwa haki. Serra Angel wa mwaka huo alitolewa kwa mana 5 (mana ni nguvu ya kulipia karata, itolewayo hasa na karata za ardhi), akawa na nguvu 4 na ustahimilivu 4, anaruka, na anaposhambulia habaki wazi. Mwaka 2009 akaja Baneslayer Angel kwa mana 5 zilezile, ana 5 kwa 5, anaruka, anapiga kabla ya adui kupiga, kila akidhuru anamwongezea mwenye naye uhai, na mazimwi na mapepo hayamgusi. Huo ulikuwa mruko mkubwa, lakini kati yake na Serra ilipita miaka 16. Mtu aliyekuwa na Serra wake alipata muda wa kumtumia, kumchoka na kumweka kwenye albamu kwa hiari yake.

Muda huo sasa tumenyang'anywa. Zamani karata mpya iliingia Modern kupitia matoleo ya Standard, ulingo wa karata za miaka ya karibuni tu, ambako wengi waliichezea na kasoro zake zikaonekana. Tangu Juni 2019 yamekuja matoleo ya Modern Horizons, ambayo karata zake zinaingia Modern moja kwa moja bila kupitia Standard, na ili zinunuliwe lazima ziwe na nguvu za kushinda karata zote za tangu 2003 zinazoruhusiwa humo. Hapo kupanda kwa nguvu hakuwezi tena kuitwa bahati mbaya, kwa sababu ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa. Mimi nilidunduliza miezi minane kupata nakala nne za kiumbe Tarmogoyf, idadi ya juu inayoruhusiwa kwenye fungu moja, enzi ambazo moja ilizidi dola 100. Najua kuchapishwa upya kuliishusha bei, na hilo silalamiki, kwa kuwa wenzetu wenye kipato kidogo walipata nafasi. Kinachoniuma ni kwamba hata ukinipa bure leo siiweki mezani, kwa sababu wapinzani wake wote wamepitwa na karata mpya, na yenyewe imepitwa pamoja nao.

Toleo la kwanza la Horizons lilikuwa na Hogaak. Karata hiyo ilipouvuruga ulingo, hatua ya kwanza iliyochukuliwa, Julai 2019, ilikuwa kuifungia Bridge from Below, karata ya mwaka 2007 iliyotumiwa pamoja naye, ambayo watu walikuwa nayo kwa miaka 12 bila shida! Mgeni akavunja vyombo, akafukuzwa mwenyeji. Hogaak mwenyewe alikuja kufungiwa tarehe 26 Agosti, baada ya wiki nyingine saba za mashindano yaliyoharibika.

Tukio lililonifikisha hapa, hata hivyo, ni la Nadu, Winged Wisdom, kiumbe wa toleo la tatu la Horizons, na nitalieleza taratibu ili asiyecheza Modern aelewe. Nadu anatoka kwa mana 3, na anawapa viumbe wako wote uwezo huu: kiumbe akilengwa na chochote, unafunua karata ya juu ya fungu lako, ikiwa ya ardhi inatua mezani, kama si ya ardhi inakuja mkononi, na kila kiumbe anaweza kufanya hivyo mara mbili kwa zamu. Sasa chukua Shuko, silaha ya mwaka 2005, ambayo kuihamisha toka kiumbe mmoja kwenda kwa mwingine, na kila kuihamisha ni kumlenga kiumbe, hakugharimu hata mana moja. Kisha ongeza Springheart Nantuko, ambaye kila ardhi ikitua huzaa mdudu mpya, na mdudu huyo naye anavalishwa Shuko mara mbili bure, anafunua karata mbili, ardhi inatua, anazaliwa mdudu mwingine.

Ijumaa moja ya Julai 2024 niliketi mbele ya fungu hilo. Raundi yetu ni dakika 50. Zamu moja ya mpinzani wangu, kijana mstaarabu asiye na kosa lolote, ilichukua zaidi ya dakika 20, na katika dakika hizo mimi sikugusa karata hata moja. Alikuwa akigusa mdudu kwa kidole, anafunua, anagusa tena, anafunua, huku akiniomba radhi, kwa sababu hakuna ajuaye mapema kama mnyororo utafika mwisho, hivyo hawezi hata kuniambia kwa mkato kwamba ameshinda. Wenzetu waliomaliza walisimama nyuma yetu wakitazama saa. Hata mashindano makubwa ya Amsterdam, mwishoni mwa Juni mwaka huo, yalichukuliwa na fungu la Nadu.

Tarehe 26 Agosti 2024, siku 73 tangu toleo litoke, Nadu akafungiwa. Siku hiyohiyo mbunifu wa karata akaandika maelezo ya wazi, na uungwana wake naupongeza: maneno ya awali yalihusu kulengwa na mpinzani tu, yakabadilishwa mwishoni kwa kuufikiria ulingo wa Commander, unaochezwa na watu kadhaa meza moja, hawakuona hatari ya uwezo wa kulenga bila gharama, na toleo la mwisho la maneno hayo halikuchezwa hata mara moja kabla ya kwenda kiwandani.

Wanajamvi, habari hii tulishaisoma. Mwaka 2004 ilitoka Skullclamp, ya mana 1, iliyobadilishwa dakika za mwisho ili ipunguze ustahimilivu wa kiumbe badala ya kumwimarisha, hivyo kiumbe wa 1 kwa 1 akawa anakufa papo hapo na kukupa karata mbili. Ilifungiwa Juni mwaka uleule, na maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayahaya: tuliibadilisha tukiwa tumechelewa, hatukuijaribu vya kutosha. Kutoka Skullclamp hadi Nadu ilipita miaka 20, na anayelipia funzo ni mnunuzi kwa mara nyingine. Kwenye Hearthstone, mchezo wa karata wa kompyuta na simu, kadi ikipunguzwa nguvu mchezaji hurejeshewa kwa muda maalumu vumbi lote (sarafu ya humo) la kuitengenezea. Sisi wa karata za mkononi tunabaki na magarasa manne yenye picha nzuri.

Ninachodai ni vitu viwili. Karata iliyobadilishwa maneno baada ya majaribio kufungwa irudishiwe maneno yaliyojaribiwa, au itolewe kwenye toleo hilo na kusubiri lijalo. Na karata inayofungiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja sokoni ipokewe dukani na kubadilishwa kwa paketi za toleo lolote, kwa gharama ya mchapishaji na si ya mwenye duka. Hadi nione walau la kwanza limetamkwa rasmi, sinunui boksi la Horizons, na Ijumaa nitacheza na karata nilizonazo.