Klorini ya bwawa wakati wa masika: tuiweke, au tununue mpya tukifungua?

MlinziPaje
Assalaam alaykum wanajukwaa. Hoteli yetu inafunga baada ya Pasaka mpaka Juni. Bosi anataka jibu wiki hii: klorini iliyobaki tuiweke mpaka tukifungua, au tumuuzie jirani sasa hivi kisha tununue mpya? Na kama ni kununua, ipi inakaa bila ya kupoteza nguvu? Mwaka jana tulipofungua tulitia kipimo kilekile cha siku zote na bwawa likabaki kijani.

FundiNungwi
Waalaykum salaam. Iliyobaki ni ya maji, ya punje au vidonge? Kiasi gani? Imefunguliwa? Stoo imeezekwa nini? Bila ya hayo sote tunapiga ramli.

MlinziPaje
Ya maji, madumu ya lita 20. Stoo iko nyuma ya jiko.

MwalimuKemia
Hujasema paa, lakini nyuma ya jiko tayari ni joto. Ya maji usiiweke, ndugu yangu. Ikitoka kiwandani huwa asilimia 10 mpaka 12 hivi na huanza kupungua papo hapo. Ya asilimia 10 ikikaa kwenye nyuzi 25 huchukua takriban miezi saba kubaki nusu. Kwenye nyuzi 35 ni kama miezi miwili na nusu tu, yaani ndio hicho kipindi chenu cha kufunga. Ndio maana lile bwawa lilibaki kijani: mlitia kipimo cha dawa kali, kumbe dawa imeshakuwa hafifu.

Watu wa Ulaya wanafunga mabwawa wakati wa baridi, dumu linakaa bandani kwenye ubaridi na dawa haichoki haraka. Sie tunafunga masika. Mvua ikikatika jua linapiga bati, ndani hakukaliki. Ushauri wao wa kuhifadhi hautufai hivihivi.

Ukilazimika kuiweka, izimue nusu kwa nusu na maji safi, maana hafifu huharibika polepole kuliko kali. Maji yenye kutu usitie; chuma na shaba huimaliza upesi.

BibieMichenzani
Nunueni ya punje, mambo yaishe. Asilimia 65 mpaka 70, ndoo ambayo haijafunguliwa inakaa mwaka na zaidi ikiwa pakavu. Mie natumia hiyo tu.

FundiNungwi
Bibie, weye uko mjini. Maji ya visima vya Paje yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, chokaa imejaa. Punje nazo zina kalsiamu. Nimeshakwangua vigae vya pale kwa patasi, ukoko mweupe umeganda mpaka kwenye midomo ya mabomba. Mie nasema vidonge, asilimia 90, na vinakaa stoo muda mrefu.

BibieMichenzani
Na ile asidi ya sayanuriki inayobaki majini kila ukitia kidonge? Ikizidi, klorini ipo lakini haifanyi kazi.

FundiNungwi
Masika maji ya mvua yanajaza bwawa mpaka linamwagika, sehemu yake inatoka nayo.

KijanaWaKaskazini
Kabla hamjamshauri anunue vyote viwili, sikilizeni. Hoteli moja niliyofanya kazi, stoo ilikuwa na punje, vidonge, madumu ya asidi ya kushushia pH, na petroli ya mashine ya majani, vyote chumba kimoja. Bawaba za mlango ukizigusa zinamomonyoka mkononi kwa kutu, na kitasa hakifunguki mpaka ukipige. Ndani ya boksi la umeme la pampu nyaya zimekuwa kijani. Ule ni mvuke wa klorini, unakula chuma hata kama ndoo zimefungwa. Tulisema, hatukusikilizwa.

Masika, paa likivuja, mwenzetu akakuta vipande vya vidonge chini ya ndoo. Akaona hasara kuvitupa, akavimimina kwenye ndoo ya punje. Kwanza tulisikia sauti ya kuchemka, halafu kifuniko kikaruka kikapiga bati, na moshi ukatoka mlangoni. Tulikimbia kule upepo unakotoka. Yule mwenzetu alipelekwa hospitali, akakaa na kikohozi muda mrefu. Vyote viwili vinaitwa klorini lakini havikutanishwi, wala kijiko chake kisiwe kimoja. Asidi nayo iwe chumba chengine kabisa, maana ikikutana na klorini hutoa gesi ya kuua.

MwalimuKemia
Hili ndilo kubwa kuliko bei. MlinziPaje, umesoma?

MlinziPaje
Nimesoma, ahsante. Asidi ipo mlemle, kesho naitoa. Stoo ni ya bati, ndiyo. Nitajuaje kama madumu bado yana nguvu?

MwalimuKemia
Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta nusu mililita, tia kwenye ndoo ya lita 20 za maji safi ya kunywa, koroga, kisha pima kwa kipimo chako cha bwawa. Ikisoma 3 (yaani miligramu 3 za klorini kwa lita), dawa ni asilimia 12. Ikisoma 1.5, imebaki asilimia 6, basi utatia mara mbili. Bwawa la lita 60,000 linahitaji nusu lita ya asilimia 12 kupandisha kipimo hicho kwa 1. Ya asilimia 6 ni lita nzima.

KisauniBaba
Mnazungumza dawa tu. Bosi asije akasema bwawa limwagwe. Masika maji ya chini yanapanda, bwawa tupu linaweza kunyanyuliwa na kupasuka.

BibieMichenzani
Na likiachwa limejaa bila dawa ni mbu. Majirani ndio wanaoumwa. Lazima mtu abaki, awashe pampu na atie dawa.

KijanaWaKaskazini
Umeme ukiwepo.

FundiNungwi
Kwa hiyo mashine ya chumvi ndio suluhisho, inajitengenezea klorini yenyewe, hakuna cha kuhifadhi.

BibieMichenzani
Si umeme huohuo?

MlinziPaje
Bosi ameuliza bei ya hiyo mashine. Kuhusu madumu bado hajaamua, anasema jirani anataka nusu ya bei.

MkaaziWete
Samahani naingilia. Nipo Pemba, nataka ndoo mbili za punje kutoka mjini. Boti ya abiria inapakia hizi, au mpaka nisubiri jahazi?