Simu au kamera iliyotumika: filamu fupi ya Mji Mkongwe

Mtoto_wa_Malindi
Asalaam alaykum wakuu. Nina miaka 19, sinema ndiyo chakula changu, na hakuna mji ninaoupenda kama huu wetu. Nataka kutengeneza filamu ya dakika 7: kijana wa zamani anakimbiza mkanda wa filamu kwa baiskeli kutoka Cine Afrique hadi Majestic pale Vuga, siku zile nakala moja ikigombewa na majumba hayo mawili ya sinema. Inaanza alasiri, inaishia usiku. Bajeti ni shilingi 1,200,000. Simu ninayo, inapiga video ya 4K, ile yenye picha kali zaidi. Ninunue Canon M50 iliyotumika na lenzi yake ya 15-45, au nibaki na simu, pesa ziende kwenye maiki, vichujio na tripodi?

Kona_ya_Vuga
Baki na simu. M50 ukiitia 4K inakata kingo za picha, ile 15mm (namba ndogo ni picha pana) inakuwa kama 38mm kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa. Kwenye kichochoro utasimama mgongo ukutani na bado unapata bega na nusu mlango. Tena humo humo kwenye 4K inapoteza fokasi yake nzuri, inaanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Ukishuka 1080p, ubora ulio chini ya 4K, fokasi inarudi na unapata kama 24mm, lakini upana huo lenzi kuu ya simu yako inao tayari.

Bi_Shangani
Kona, hadithi ni ya zamani! Lenzi pana itaonesha kila kiyoyozi, dishi, nyaya na kibao cha duka la vinyago. Hapa upana ni adui. Apige kwa lenzi ya 50mm hivi, akae mbali, baiskeli imjie. Hilo la simu au kamera linakuja baadaye. Na asifikirie kupitisha baiskeli mbele ya Beit al-Ajaib: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hiyo si sura ya zamani tena.

Kona_ya_Vuga
Hapo nakubali. Basi atumie 2x ya simu, mradi inatoka kwenye sensa kuu, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi kuu. Zuum ya vidole asiiguse.

Fundi_Lenzi
Kuhusu usiku, watu wanadhani kamera inashinda moja kwa moja. Piga hesabu. Sensa ya M50 inakupa takriban stopu mbili zaidi ya simu nzuri (kila stopu ni mwanga mara mbili). Lenzi ya 15-45 inaanzia f/3.5, ya simu f/1.8 hivi (namba ndogo ni tundu kubwa, mwanga mwingi), kwa hiyo zile stopu mbili zimeshaliwa. Ukivuta hadi 45mm unafika f/6.3, hali ni mbaya zaidi. Kamera ina maana ukiongeza lenzi ya 22mm f/2, na hapo bajeti yako ya maiki imekwenda.

Ukiamua kununua hata hivyo, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma, tazama kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu; unyevu wa pwani unailea na kuisafisha ni kazi ya kufungua lenzi nzima. Achana nayo hata kama muuzaji anapunguza bei. Na kifaa chochote kikitoka chumba cha AC kikae ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa nusu saa kabla ya kukitoa nje, la sivyo kioo kinafanya ukungu.

Kona_ya_Vuga
Mipangilio ya simu, mdogo wangu: pakua Blackmagic Camera, programu ya kupigia video, ni bure. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, ukipiga 30 na 1/60 taa nyingi zitapepesa na ni vigumu kulitoa hilo wakati wa kuhariri. Tundu la lenzi ya simu halifungi, kwa hiyo juani kwa 1/50 picha itaungua: weka kichujio cha kupunguza mwanga, ND64. Kichochoroni kwenye kivuli ND8 inatosha. Funga mwanga, fokasi na rangi kabla ya kila shoti, maana baiskeli ikitoka kivulini simu itabadilisha mwanga katikati. Kwa kasi ya kurekodi ya Mbps 50, dakika moja inakula nafasi kama MB 375.

Programu ya kawaida ya simu hubadilisha idadi ya fremu yenyewe, ukifika kwenye kuhariri sauti inaachana na midomo. Ikishatokea, pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, chagua fremu zisizobadilika.

Sikio_la_Mkunazini
Mmezungumza picha tu. Ngome Kongwe, wanapoonesha filamu za ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ni uwanja wa wazi. Ukiota filamu yako ioneshwe hapo na ndoto ikitimia, sauti mbovu itajulikana mapema kuliko picha mbovu. Nunua maiki ya waya ya kubana nguoni, na uangalie pini: ya simu ina mistari mitatu, ya kamera miwili. Ukichanganya unaweza kupata faili kimya kabisa. Upande wa Forodhani wakati wa upepo wa kusi lazima manyoya juu ya maiki, sponji haitoshi.

Adhana: usirekodi mazungumzo ikisomwa. Ukikata shoti mbili, mwadhini ataruka katikati ya neno, na hilo hapa kila mtu atalisikia. Irekodi peke yake, nzima, uilaze chini ya tukio.

Mtoto_wa_Malindi
Shukrani sana. Simu, basi. Ule mwisho wa Majestic niupige saa ngapi?

Bi_Shangani
Usisubiri giza totoro. Jua likishazama una kama dakika 20 mbingu ikiwa buluu na taa zimewaka. Huku kwetu giza halichelewi. Saa 11 jioni uwe umeshapanga tripodi na baiskeli imeshajaribiwa. Na kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni kiombe mapema, nakala uwe nayo mfukoni. Watu waliokaa kwenye baraza za nyumba wasalimie na waombe kabla ya kutoa simu, si baada.

Sikio_la_Mkunazini
Na mnyororo wa hiyo baiskeli utie mafuta, ama uache ulie makusudi. Ukilia nusu ya shoti tu, utarudia zote.