Tupeane uzoefu: mikataba inayojihuisha yenyewe

Mwanzisha mada, Mwanakwerekwe
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa yaliyotukuta katika mikataba na huduma ambazo, muda wake unapomalizika, hujihuisha zenyewe na kukata fedha bila ya mwenyewe kuulizwa. Mama yangu kila akiweka vocha, salio lilikuwa likipungua kabla hajapiga simu hata moja. Tulipofuatilia tukaambiwa kuwa amejiunga na huduma ya ujumbe wa kila siku. Kujiunga kulitaka abonyeze tarakimu moja tu, lakini kujitoa kulitaka neno maalumu ambalo hakuna aliyemtajia, na kwangu mimi dhulma ipo hapo. Zanzibar tunayo sheria namba 5 ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji. Aliyewahi kulalamika kwa kuitumia atueleze.

Mchangiaji, Wete
Waalaykumu ssalaam. Langu ni la mlango wa duka. Mkataba ulisema kuwa nisipotoa taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla, kodi inaendelea kwa mwaka mwengine mzima. Nilikataa kutia saini mpaka mwenye duka alipokubali kuongeza kwamba yeye ndiye atakayenikumbusha kwanza, tena kwa maandishi. Tumeishi vizuri kwa kifungu hicho.

Mchangiaji, Hamburg (kwetu Mkoani)
Alilolidai ndugu wa Wete, Ufaransa ni sheria tangu 2005: mtoa huduma asipomkumbusha mteja kwa wakati, mteja anaruhusiwa kuuvunja mkataba uliojihuisha wakati wowote bila ya kutozwa. Huku Ujerumani, kwa mikataba ya huduma iliyofungwa tangu tarehe 1 Machi 2022, muda wa mwanzo ukimalizika mteja hafungwi tena mwaka mzima, bali anaweza kutoka kwa taarifa isiyozidi mwezi mmoja. Tangu Julai ya mwaka huo, tovuti zinazouza mikataba ya aina hiyo zinatakiwa ziweke kitufe cha kuivunjia. Nilikitumia kwa mkataba wa ukumbi wa mazoezi, na uthibitisho ulinifikia kwa barua pepe papo hapo, bila ya kumbembeleza mtu.

Mwanzisha mada
Ahsanteni. Ndugu wa Wete, tafadhali tuwekee maneno kamili ya kifungu hicho, kwani jirani yangu anatia saini mkataba wa duka Darajani wiki ijayo.