Naombeni ushauri, ustadh wangu kanisusa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mi nahifadhi Qur'ani hapa Tanga, nimefika juzuu ya 17. Mwezi uliopita nikawa nasikiliza sana kisomo cha Warsh kwenye simu, kile cha watu wa Moroko, sasa siku moja mbele ya wenzangu nikasoma "maliki yaumid-diin" bila kuvuta ile maa kama tunavyovuta kwenye Hafs, kisomo chetu cha huku, basi ustadh akafunga msahafu akasema nimeanza ujuaji. Toka siku hiyo hanisikilizi, zamu yangu ikifika anamwita wa nyuma yangu. Nimeshamuomba radhi mara mbili, mama nae kampelekea halua (asije akadhani hongo jamani), kimya. Nimuombe mzee mmoja wa msikitini anizungumzie au nihamie chuo kingine? Na nikihama bila radhi yake ina ubaya?