Watoto 32, mipira 6, wazazi wanataka kombe: tuanzie wapi?

Kona Fupi (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Kuna kituo cha soka la vijana hapa Morogoro: watoto 32 wa miaka 9 hadi 13, mipira sita (yote namba 5), nusu uwanja wa shule ya msingi, siku tatu kwa wiki, kocha na msaidizi wake. Wazazi wanauliza mashindano lini. Halafu kuna mdau anataka kuleta vijana wa miaka 15 waandikwe 13 ili "timu iwe na nguvu". Tuanze na nini, tukatae nini?

Beki Mbili
Mkuu, anza na mipira. Namba 5 kwa mtoto wa miaka 9 ni mzito, anaishia kuupiga kwa ncha ya kiatu na tabia hiyo haitoki kirahisi. Chini ya miaka 13 tumia namba 4.

Sita inatosha ukiua foleni. Gawa hiyo nusu uwanja viwanja vinne vya mita 25 kwa 18, wanne kwa wanne, bila kipa, magoli ya koni yenye upana wa mita 2. Wote 32 wanacheza kwa mara moja, mipira minne inatembea, miwili akiba. Mechi dakika nne nne: mshindi anapanda uwanja wa juu, aliyefungwa anashuka. Baada ya raundi tano watoto wamejipanga wenyewe kwa uwezo.

Ugonjwa wa vituo vyetu ni watoto 15 kwenye mstari wakisubiri kila mmoja apige shuti lake. Kwenye chandimu, soka la mtaani, wangegusa mpira mara nyingi zaidi, tena bila ada.

Rejesta
Kwa huyo mdau usicheke naye. Kijeba, yaani aliyepunguziwa umri, anashinda kwa mwili, na nafasi ya mtoto mwenye umri halali inafia benchi. Isitoshe FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI ya kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009. Mfupa ukiwa umeshafunga kabisa, yaani umemaliza kukua, kijana anaondolewa, hata awe na cheti kizuri namna gani.

Kila mtoto awe na faili: nakala ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, kadi ya kliniki, na umri ulioandikwa kwenye rejesta ya darasa la kwanza. Angalia pia cheti kilitolewa lini. Kilichotolewa mwezi jana kwa mtoto wa miaka 13 si lazima kiwe cha kughushi, wazazi wengi huchelewa, ila hapo ndipo kadi ya kliniki inapofanya kazi.

Beki Mbili
Na tusiseme hatuna vipaji. AFCON ya U17 mwaka 2019 tuliandaa wenyewe Dar, tukafungwa zote tatu: 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola. Mabao sita tulifunga. Kuruhusu 12 ni kukosa kujipanga bila mpira, na hilo halifundishwi kambini kwa wiki chache.

Pasi Mpenyezo
Mechi tatu ni chache kutoa hukumu, mkuu. Lakini kwenye mashindano nakubali: UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ni ya msimu, na mtoto akitolewa ngazi ya wilaya amemaliza mwaka wake. Tafuteni vituo vingine vitatu, mcheze kila Jumamosi nyumbani na ugenini, hapo kila timu ina mechi sita. Saba kwa saba, uwanja mita 55 kwa 37, kila mtoto acheze angalau nusu ya muda. Msimamo wa ligi kwa walio chini ya miaka 12 msiuandike, maana kocha akiuona tu anaanza kuwaficha wadogo.

Rejesta
Kuhusu makaratasi ya kituo: pitia kwa afisa michezo wa halmashauri ili klabu isajiliwe BMT (Baraza la Michezo la Taifa), kisha ujiunge na chama cha soka cha wilaya, na wachezaji waingizwe kwenye mfumo wa usajili wa TFF, shirikisho la soka nchini. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, 5% ya ada ya uhamisho inagawiwa klabu zilizomlea: 0.25% kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa 16 hadi 23. Ukimlea misimu minne ya mwanzo una 1%, yaani euro 1,000 kwenye ada ya euro 100,000. Asipokuwa na usajili wa miaka hiyo, huna cha kudai, hata mtaa mzima ukikutolea ushahidi.

Kona Fupi
Nimewapata wakuu. Shida ni kwamba mdau ndiye anayetoa jezi na magoli ya chuma.

Pasi Mpenyezo
Jezi si lazima, bibu (vizibao vya mazoezi) 16 za rangi moja zinatosha. Hayo magoli hata ukiyapata, yafunge chini kwa vigingi au mifuko ya mchanga kwenye bomba la nyuma kabla mtoto hajaning'inia. Goli lisilofungwa huangukia mbele, na limeshaua watoto sehemu nyingi duniani. Kwa sasa weka koni.